Kijana wa Gredi 5 kugawanya kumemshinda, ni korona ama ni yeye?

SWALI: Mwalimu habari za kazi. Mimi ni mzazi huku Kilifi, kijana wangu alianza Gredi 1 Januari 2020, saa hii, 2024, yuko Gredi 5. Hesabu za kugawanya zimemshinda kabisa, nimelipa tuisheni mihula miwili na hakuna kitu. Mwalimu wake ananiambia hawa ni watoto wa korona, ndivyo walivyo. Nimrudishe Gredi 4 ama nifanye nini?

JIBU: Nzuri dadangu, na pole kwa hizo pesa za tuisheni. Hilo jina la "watoto wa korona" mimi silipendi, linatumika siku hizi kama cheti cha daktari, ukishalisema hakuna mtu anauliza tena mtoto anaumwa wapi.

Tupige hesabu kwanza. Shule zilifungwa katikati ya Machi 2020, kijana wako alikuwa amekaa darasani kama wiki kumi tu. Oktoba mwaka huo walirudi Gredi 4, darasa la nane na kidato cha nne peke yao, yeye akangoja mpaka tarehe 4 Januari 2021. Ndio, KBC, redio ya taifa ya Kenya, ilikuwa inarusha vipindi vya KICD, ile taasisi ya kutunga mitaala, lakini redio haioni mtoto ameandika nini kwa daftari. Hapo ndipo watu wengi huishia, wanasema alipoteza mwaka basi. Angalia kilichofuata sasa: alimalizia Gredi 1 mwezi wa saba 2021, akapumzika siku kama kumi hivi akaingia Gredi 2, Aprili 2022 akaingia Gredi 3, na Januari 2023 huyo Gredi 4. Yaani kwa chini ya miaka miwili alimalizia Gredi 1 na kupitishwa 2 na 3 zote, kwa mihula ya wiki tisa, kumi, kumi na moja. Silabasi ilimalizwa kweli, mimi mwenyewe nilikuwa darasani nikiimaliza, na nakwambia ukweli kuna vitu tulipita navyo mbio mtoto hata hajakaa vizuri kwa kiti. Kwangu mimi zile mbio zinastahili lawama sawa na kule kufungwa.

Sasa mpe kijana karatasi, mwambie afanye 52 toa 27, usimsaidie na usimkaripie. Akipata 25 sawa. Akiandika 35 basi tumeshapata ugonjwa, kwa sababu alifika kwa mamoja akaona 2 na 7, 2 haitoshi, akageuza akatoa 2 kwa 7 akaandika 5, halafu 5 toa 2 ni 3. Hajui kukopa, kila mahali anatoa kadogo kwa kakubwa.

Ukitaka kuona vile hii inaua kugawanya, mpe 312 gawanya kwa 4. Nne kwenye 31 inaingia mara saba, hiyo atapata, 7 mara 4 ni 28, hiyo pia atapata, halafu 31 toa 28... kwa mtindo wake anapata 17 badala ya 3, anashusha ile 2 inakuwa 172, na hapo anabaki anatafuna penseli. Wewe unaona kugawanya kumemshinda na mwalimu wa tuisheni anamrudia kugawanya mihula miwili mizima, na kumbe shida iko kwa kutoa, kazi ya madarasa ya chini.

Dawa yake ni njiti za kiberiti na raba bendi. Mfungie mafungu ya kumi kumi, 52 ni mafungu matano na njiti mbili. Mwambie akupe 27. Atakwama kwa zile saba, mwache akwame kidogo, halafu afungue fungu moja KWA MKONO WAKE, azihesabu zimekuwa njiti 12. Usimfungulie wewe, kile kitendo ndicho somo lenyewe. Dakika ishirini jioni, hesabu nne tano, na kitabu kije baadaye akishachoka na njiti.

Usiseme wewe si mwalimu. Botswana mwaka 2020 shule zikiwa zimefungwa, familia zilitumiwa hesabu kwa SMS kila wiki na kupigiwa simu kama dakika ishirini, simu za kawaida hizi za mulika mwizi, na watoto wakapanda kwa hesabu. Waliopata SMS bila kupigiwa hawakuonyesha mabadiliko ya maana. Mtu wa kupitia hesabu naye ndiye aliyefanya kazi.

Kuhusu kumrudisha, Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inakataza mtoto kuzuiliwa arudie darasa, lakini hata isingekataza ningekwambia usimrudishe, maana Gredi 4 atapewa mambo ya Gredi 4 na shimo lake liko chini ya hapo, utampotezea marafiki bure. Tuisheni kama bado unalipa, mwambie huyo mwalimu aache kugawanya kwa mwezi mmoja. Akikataa pumzisha mfuko wako.

Mpe pia aya fupi ya kitabu cha Gredi 3 asome kwa sauti, maana wengine hesabu wanajua ila swali lenyewe hawalisomi.

Halafu nitumie picha ya ile karatasi ya 52 toa 27, na tafadhali usifute pale alipokosea.