Peugeot ya babu tuiuze kwa kilo?

SWALI: Shikamoo mzee. Nyuma ya nyumba yetu Majengo, Moshi, kuna Peugeot 404 ya marehemu babu, imelala chini ya mparachichi. Wanunuzi wa chuma chakavu kila siku wako getini. Tuwape?

JIBU: Marahaba, mjukuu wangu. Msiwape. Aina hiyo ilishinda Safari Rally mwaka 1963, kisha 1966, 1967 na 1968, na mwaka 1966 na 1967 usukani ulishikwa na Bert Shankland, dereva wa hapa hapa Tanzania.

Mimi ufundi nimejifunzia mtaa wa Unga Limited, Arusha. Nyuma ya gereji palijaa magari mabovu: Land Rover zisizo na milango, Bedford lililong'olewa injini, 404 mbili zimepandana, majani yametokea kwenye boneti. Fundi mkuu akikutuma taa, unaingia humo na spana, unarudi nayo ikiwa na vumbi na buibui. Yote yamekatwa kwa gesi na kupimwa kwenye mizani. Inaniuma mpaka leo.

Sasa, toa plagi zote nne, tia oili kidogo kila tundu, acha siku kadhaa, ndipo uzungushe injini kwa mkono, taratibu. Halafu inua mazulia. 404 haina chesisi, yaani fremu ya chuma ya chini, ya peke yake, bodi ndiyo inayobeba kila kitu, kwa hiyo sakafu iliyooza ni tatizo kubwa kuliko injini iliyoganda. Kadi ya gari itafuteni kwenye makaratasi ya babu kabla hamjamwita fundi.