Maswali ya Wasomaji: Tanzanaiti Iliyofifia Katikati

SWALI: Nimenunua tanzanaiti ya duara, upana milimita 8. Pembeni inawaka buluu safi, katikati imepauka kama kipande cha chupa. Muuzaji anadai ndiyo rangi yake. Je, ikikatwa upya itapona? – Msomaji, Moshi

JIBU: Rangi haina kosa, kosa ni la mkato. Laza jiwe juu ya gazeti, uso mpana ukiwa juu, ulitazame wima. Ukiziona herufi katikati, hilo ni dirisha: mwanga ulioingia kwa juu umetokea chini badala ya kurudi machoni.

Kwa tanzanaiti, uso wa chini ulioinama pungufu ya nyuzi 36 hivi hupitisha mwanga unaoshuka wima. Wakataji huweka 40 hadi 42 ili hata jiwe likiinamishwa kidogo lisivuje. Ametisti, kito cha zambarau, hudai zaidi: kikomo chake kiko karibu na 40, hivyo huhitaji 42 au 43. Kuzidisha nako hakusaidii. Jiwe lenye kina kupita kiasi hufanya mabaka meusi.

Pima jiwe lako kwa kalipa, kipimo chenye taya mbili. Kwa nyuzi 41, kutoka kiunoni (ukingo ulio mpana kuliko kote) hadi ncha ya chini panatakiwa milimita 3.5 hivi. Ukipata 2.8, pembe imelala kwenye 35. Kwa kuwa kina hakiwezi kuongezwa, kuisimamisha hadi 41 maana yake ni kupunguza upana hadi milimita 6.4, na karibu theluthi ya uzito huishia kwenye gurudumu la kusagia. Kiuno kikiwa kinene una bahati: fundi atakipandisha juu na hasara itapungua. Mara nyingi dirisha huachwa makusudi, kwa kuwa jiwe huuzwa kwa karati, yaani kwa uzito. Kwa hiyo dai punguzo kwanza, ndipo uamue.

SWALI: Mbona vipande viwili vya jiwe moja ghafi vimetoka kimoja buluu, kingine zambarau? – Msomaji, Arusha

JIBU: Tanzanaiti hubadili rangi kulingana na upande unaoitazama. Fundi ndiye anayechagua upande utakaokaa juu, na ule wa buluu kwa kawaida hula jiwe ghafi zaidi. Mwambie unachotaka kabla hajalibandika kwenye kijiti cha kulishikia wakati wa kukata. Na abandike kwa gundi baridi, si nta ya moto, kwa sababu tanzanaiti hupasuka joto likibadilika ghafla.