Jioni ya Familia na Neno la Mungu: Wape Watoto Kazi ya Mikono

Ibada ya nyumbani hudumu pale watoto wanapokuwa na kitu cha kufanya, na hufa pale kazi yao inapokuwa kusikiliza tu. Mtoto wa miaka mitano hawezi kukaa dakika 40 akimtazama mzazi akihubiri, hata kama anahubiri vizuri. Lakini mtoto huyohuyo atauzunguka ukuta wa maboksi mara saba, na kesho yake atakusimulia kisa cha Yeriko mwanzo hadi mwisho. Ndiyo maana tunashauri kila jioni iwe na kisa kimoja na tendo moja linalotoka ndani ya kisa hicho, kisha maombi. Ukitaka visa viwili kwa jioni moja, kimoja kitapotea.

Kuhusu muda: wimbo na sala fupi dakika 5, kusoma na kusimulia 10, shughuli 20, maombi ya kufunga 5. Watoto wote wakiwa chini ya miaka mitano, punguza jumla iwe dakika 20. Chagueni siku na saa isiyobadilika, baada ya kula lakini kabla macho hayajaanza kulegea. Shughuli isimamishwe wakati watoto bado wanaitaka, maana ukingoja wachoke, wiki ijayo watakuja na kumbukumbu ya uchovu. Simu ziwekwe kapuni, za wazazi zikitangulia.

Soma kisa chenyewe kwenye Biblia kwanza, hata mistari sita tu, ndipo usimulie kwa maneno yako. Mtoto anapaswa kuona kwamba kisa kimetoka humo, si kichwani mwa baba au mama.

Yeriko kwa jioni saba

Kisa cha Yoshua 6 wengi hukiigiza kwa usiku mmoja, na hapo ndipo kinapopoteza nguvu. Agizo la Mungu kwa Yoshua na Waisraeli lilikuwa kuuzunguka mji wa Yeriko mara moja kwa siku kwa siku sita, kisha mara saba siku ya saba, ndipo ukuta wake uanguke. Fanyeni hivyohivyo, wiki nzima.

Kusanyeni maboksi matupu 12 hadi 15, yaliyo mepesi. Yapangeni mahali ambapo mtu anaweza kupita pande zote nne. Acheni njia ya upana wa sm 70 hivi, la sivyo viwiko vitauangusha ukuta kabla ya wakati. Kila jioni mnazunguka mara moja tu, kimya, kisha mnakwenda kulala. Dakika tano zinatosha. Siku ya saba mnazunguka mara saba, mnapiga kelele pamoja, na watoto wanausukuma ukuta.

Kuna jambo moja ambalo maigizo mengi hulikosea. Waliokatazwa kusema ni watu. Makuhani saba waliendelea kupiga tarumbeta siku zote hizo. Kwa hiyo wapeni watoto wawili au watatu tarumbeta za karatasi ngumu iliyokunjwa kuwa bomba la urefu wa sm 30, ncha moja nyembamba, nyingine pana, wavumishe sauti ndani yake. Mtoto mdogo asiyeweza kunyamaza apewe tarumbeta, na tatizo lake limekwisha.

Kinachoharibika zaidi ni ukuta kuangushwa siku ya pili na mtoto mdogo aliyeshindwa kusubiri. Msimkaripie. Ujengeni upya pamoja naye na kumpa kazi ya kuulinda. Jioni ya tatu au ya nne mtoto mmoja atauliza kwa nini mnazunguka na hakuna kinachotokea. Swali hilo ndilo mlilokuwa mnalingoja, maana askari wa Yoshua nao walizunguka siku sita na ukuta ukiwa bado umesimama. Zungumzeni hapo kuhusu kumtii Mungu kabla matokeo hayajaonekana, kisha mwache mtoto alale na wazo hilo.

Mfano wa mpanzi, kwa mbegu za kweli

Mathayo 13 inataja aina nne za mahali mbegu zilipoangukia: njiani, penye mawe, kwenye miiba, na kwenye udongo mzuri. Tafuteni makopo manne yaliyotobolewa chini. La kwanza lijazeni udongo mkavu mkaushindilia kwa nguvu. La pili lijazeni kokoto karibu hadi juu, kisha tandazeni udongo wa unene wa sm 1 tu. La tatu litieni udongo mzuri mkapanda mbegu za nyasi kwa wingi siku tano kabla ya mengine, ziwe badala ya miiba. La nne ni udongo mzuri peke yake.

Msitumie maharagwe, ingawa ndiyo yanayokuja mikononi kwanza. Haragwe lina akiba kubwa ya chakula ndani yake, hivyo huchipua kwa nguvu hata pale ambapo mfano unataka lishindwe, na watoto hubaki wamechanganyikiwa. Tumieni punje nzima za ngano, 10 kila kopo. Katika kopo la kwanza ziacheni juu bila kuzifunika wala kuzimwagilia. Siku ya pili mtoto mmoja awe ndege, azichukue. Makopo mengine matatu yapewe maji sawasawa, vijiko viwili vya chakula kwa siku, na yakae penye jua.

Lenye mawe huweza kuchipua upesi, nanyi mtaona sura za watoto zikichangamka. Msiwaambie kitakachofuata. Tabaka jembamba hukauka kabla ya mengine, na siku ya joto kali, au mkiruka kumwagilia siku mbili, majani hulala. Hapo someni tena mstari unaosema kwamba mbegu hizo zilikauka kwa kuwa hazikuwa na mizizi, kisha wacheni watoto wang'oe mche mmoja na kuitazama mizizi yake kwa macho yao. Hakuna mahubiri yanayoweza kushinda dakika hiyo. Maji yakizidi, mbegu zote huoza na mfano mzima huharibika. Ndiyo sababu tunapima kwa kijiko badala ya kumimina kwa kikombe.

Goliathi kwa kamba

Urefu wa Goliathi, jitu ambalo Daudi alilishinda kwa jiwe, katika 1 Samweli 17 ni dhiraa sita na shubiri moja. Dhiraa ni kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati, takriban sm 45, na shubiri ni nusu yake, kwa hiyo jumla ni karibu sm 290. Kateni kamba ya urefu huo na kuilaza sakafuni, kwa sababu dari za nyumba nyingi haziifikii. Watoto walale kando yake mmoja baada ya mwingine, wapime ni wangapi wanahitajika kuifikia. Wakubwa wapime kwa dhiraa za mikono yao wenyewe, halafu waeleze kwa nini majibu yanatofautiana. Mawe matano ya Daudi yawe soksi zilizoviringishwa, kamwe yasiwe kokoto. Kila mtoto atataka kuwa Daudi, na hakuna haja ya kumlazimisha mtu kuwa Goliathi, kamba inatosha.

Kwa jioni ambayo wazazi wamechoka, ficheni mwanakondoo wa pamba mahali fulani ndani ya nyumba na kuwaacha watoto wamtafute kabla ya kusoma mfano wa kondoo aliyepotea katika Luka 15. Sharti ni kwamba akishapatikana wote wafurahi kwa sauti, maana furaha ile ndiyo kiini cha mfano. Zaburi 119:105, inayoliita Neno la Mungu taa ya miguu, hufundishwa vizuri kwa kuzima taa na kuvuka chumba kwa tochi ndogo inayomulika hatua moja mbele. Anayeogopa giza ashikwe mkono, na vitu vyenye ncha viondolewe kwanza.

Pale mambo yanapopinda

Mashindano yenye mshindi mmoja hutoa machozi kuliko mafundisho, hasa watoto wakipishana umri. Kwenye maswali ya Biblia, shindaneni kama familia dhidi ya saa: majibu 10 kwa dakika tatu, rahisi kwa wadogo na magumu kwa wakubwa.

Jioni hii isigeuzwe baraza la mashtaka. Mzazi akitumia mstari wa Biblia kumsema mtoto kuhusu kosa la shuleni, mtoto atajifunza kuliogopa Neno. Makosa yana wakati wake mwingine, faraghani.

Kijana wa miaka 13 na kuendelea akishapewa nafasi ya kufuata tu, atajiondoa. Mpeni jioni moja kwa mwezi aiongoze mwenyewe, achague kisa na wimbo, nanyi mkae mtii. Akiuliza swali msilolijua jibu lake, semeni hamjui na mlitafute pamoja wiki hiyo. Msimlazimishe kutoa ushuhuda asiokuwa nao.

Kwa maombi, tengenezeni sanduku. Kila mtu anaandika ombi moja na tarehe, asiyejua kuandika anachora, na wazazi wanaweka maombi yao ya kweli pia. Kila baada ya wiki nne lifunguliwe na kusomwa. Yaliyojibiwa mshukuru kwa majina. Yasiyojibiwa rudisheni sandukuni mbele ya watoto bila kutunga maelezo, kisha mwombe tena. Hata mgonjwa aliyeombewa akifa, karatasi isifichwe. Someni, lieni pamoja, na mzazi mmoja amwambie Mungu waziwazi kwamba mmeumia, kama zaburi nyingi zinavyofanya.

Wiki ikipita bila ibada kwa sababu ya safari au ugonjwa, msifidie kwa ibada ndefu maradufu. Endeleeni siku yenu ya kawaida kutoka pale mlipoishia, na kama ngano imekauka yote, pandeni nyingine.