Beetle ya 1969 kutoka Mombasa hadi Concours ya Ngong: kinachokaguliwa na kinachoharibika

Mkuu ameuliza hivi: ana Volkswagen Beetle ya 1969 ya kurithi, injini ya 1500, iko Mombasa, na anataka kuiingiza Africa Concours d'Elegance, maonyesho ya kushindanisha magari yaliyotunzwa vizuri, pale Ngong Racecourse, Nairobi. Je, apake rangi upya, na fundi aanzie wapi?

Rangi usiguse kama iliyopo bado imeshika. Maonyesho haya yalianza 1970, yanaandaliwa na klabu ya wamiliki wa Alfa Romeo, na majaji wake hawaishii nje. Wanataka injini, ndani, buti na chini ya gari. Gari la rangi ya juzi lenye tope la mwaka jana ndani ya madigadi linapitwa na gari lililofifia lakini safi mpaka kwenye nati. Rangi ya zamani haina tabaka la juu la kung'aa, kwa hiyo ukipitisha kompaundi kitambaa kitabeba rangi ya gari lenyewe. Usishtuke, ndivyo ilivyo. Tumia kompaundi laini, kwa mkono, na kwenye kingo za milango na mikunjo ya boneti upite kidogo tu, maana hapo rangi ni nyembamba na ukizidisha utaona praima. Kama ni lazima upulize upya, maliza miezi mitatu kabla na usipake vaksi mapema. Rangi mbichi inahitaji kupumua.

Kwa gari la pwani, mimi ningeanza chini kabisa. Nyanyua kiti cha nyuma, upande wa kulia, utoe betri. Asidi inayovuja hula sakafu pale taratibu, na watu wengi hufunika kwa zulia wakasahau. Koroga bekingi soda vijiko viwili katika lita moja ya maji, mwaga, subiri povu litulie, suuza, kausha, kisha gonga kwa mpini wa bisibisi. Sauti ikiwa nzito na bati halibonyei, sugua kwa msasa, piga praima ya kuzuia kutu na rangi nyeusi. Ikibonyea, tafuta fundi bodi akate na kuchomelea bati jipya, si kujaza puti. Sehemu ya pili ni mikondo ya hewa ya moto inayopita chini ya milango. Ile ni sehemu ya uimara wa bodi. Ikioza milango huanza kushuka, na hakuna bawaba itakayoirekebisha. Zibua pia matundu ya maji chini ya kila mlango kwa waya mwembamba.

Ukiwa pale kwenye kiti cha nyuma, soma namba ya chasi iliyogongwa juu ya tunnel, yaani mwinuko wa katikati ya sakafu. Ya mwaka wa modeli 1969 inaanza na 11, kisha 9. Injini ya 1500 hubeba herufi H, na namba yake iko kwenye bloku chini ya stendi ya dainamo. Kama imekwisha badilishwa si aibu, lakini ujue kabla hujaulizwa mbele ya watu.

Sasa injini. Tapeti, yaani mwanya mdogo kwenye kila vali, ziseti injini ikiwa baridi kabisa, ikiwezekana imelala usiku kucha: 0.15 mm, zote nane. Anza silinda ya 1 ikiwa juu kwenye kompresheni, kisha zungusha puli nusu duara kinyume na mwendo wake, utakwenda 1, 2, 3, 4 bila kuchanganya. Ukizungusha kwa mwendo wake fuata mpangilio wa kuwaka, 1-4-3-2. Gasketi za vifuniko vya vali ni za koki, ziweke bila silikoni. Silikoni ikimeguka huishia kwenye chujio la oili. Mwanya wa pointi za distribyuta ni 0.4 mm, wa plagi 0.6 hadi 0.7.

Oili ni lita 2.5 tu, na bakuli la chini lina chujio la waya lenye gasketi mbili za karatasi na nati sita ndogo. Hapa ndipo mafundi wenye nguvu huharibu uzi wa skrubu zinazoshika nati hizi. Zinahitaji kama Nm 7, yaani mkono na spana fupi basi. Bloku ni aloi ya magnesiamu, uzi wake haustahimili ubabe.

Magnesiamu hiyo hiyo ndiyo sababu ya kuogopa moto. Mpira wa petroli unapita karibu na distribyuta, na mpira ukichakaa hapo gari huteketea lote. Badilisha mipira yote, weka wenye tundu la 5 mm unaobana, usikubali wa 6 mm "utakaa tu na klipu". Angalia pia kijibomba cha shaba kinachoingia juu ya kabureta. Kikichezeka kwa vidole, kinaweza kuchomoka barabarani na kumwaga petroli juu ya injini ya moto. Filta ya petroli isining'inie ndani ya chumba cha injini, ihamishie chini karibu na giaboksi. Mtungi wa kuzimia moto wa unga ukae mahali unapofikika ukiwa umesimama nje.

Mabati yanayozunguka injini na mpira wa pembeni yake si mapambo. Yanatenganisha hewa baridi ya juu na joto la chini. Mpira ukikosekana, feni hunyonya joto lake yenyewe, na silinda ya 3, ambayo kwenye injini za umri huu iko chini ya kipoza oili, ndiyo huumia kwanza. Yapake rangi nyeusi inayostahimili joto. Kromu inavutia vijana, lakini kiwandani haikuwepo.

Feni belti ibonyee kama 15 mm kwa dole gumba. Inakazwa kwa kuondoa washa katikati ya nusu mbili za puli, na zile unazoondoa zifunge upande wa nje wa puli hiyo hiyo zisipotee. Taa nyekundu ya dainamo ikiwaka njiani, simama hapo hapo. Belti hiyo ndiyo inayozungusha feni, bila hiyo injini haipozwi.

Kuosha injini: brashi na mafuta ya taa, ikiwa baridi, distribyuta na kabureta vikiwa vimefunikwa kwa mfuko. Kisha sabuni na maji ya ndoo, si mashine ya presha. Mswaki wa zamani na pamba za masikio zitakufaa kwenye matundu ya hewa na kona za dashibodi.

Tairi wengi wanakosea. Beetle haitaki 30 pande zote. Mbele 16 hadi 18 psi, nyuma 26 hadi 28, kwa sababu uzito uko nyuma. Mbele ukijaza sana usukani unaelea. Ya akiba ni hadithi nyingine: ndiyo inayosukuma maji ya kioo, kwa hiyo ijaze 42 psi. Vali huacha kuchota kabla tairi halijaisha. Wapenzi wa magari haya watakuomba ubonyeze kitufe, na maji yakiruka watapiga makofi kuliko walivyofanya kwa rangi. Kitu kingine kitakachokupa wasikilizaji ni Safari Rally: Beetle ilishinda 1954, 1957 na 1962. Wazee wanaokumbuka hawatakuachia uondoke upesi.

Na jaji akisema fungua buti, fungua mbele. Watu huchanganyikiwa hapo na kufungua injini.

Tairi usizipake dawa ya mafuta. Inanasa vumbi lote la barabarani na la uwanjani. Futa kwa maji, basi.

Safari ya kupanda. Mombasa uko usawa wa bahari, Nairobi ni karibu mita 1,700 juu. Hewa inapungua kama asilimia 18, petroli kabureta inaleta ile ile, kwa hiyo plagi huwa nyeusi na gari hulegea. Punguza jeti kuu, kile kitundu cha kabureta kinachopima petroli, namba moja ukishafika Nairobi, si kabla ya kuondoka. Pumzika Mtito Andei, chomoa kijiti cha oili. Kama ncha yake haishikiki kwa vidole, kaa hadi ipoe. Kwenye mlima shuka gia ya tatu mapema, injini izunguke, feni ifanye kazi. Kuburuza gia ya nne kwa kukanyaga mpaka mwisho ndiko kunakoua vali ya ekzosi.

Kurudi pwani usiondoke na ile jeti ndogo. Kadiri unavyoshuka hewa inakuwa nzito, mchanganyiko unapungua petroli, na injini ya kupozwa kwa hewa inapokosa petroli hupata joto kimyakimya. Rudisha jeti ya zamani Nairobi kabla ya kuwasha, vumilia gari kulegea kidogo mpaka Voi.