Dawa ya kwenye mbegu huishia wapi?

SWALI: Ndugu wataalamu, nimenunua mbegu za alizeti zenye rangi nyekundu, naambiwa zimepakwa dawa ya wadudu. Mbegu zikishaota, dawa hiyo huenda wapi? Nina mizinga ya nyuki kando ya shamba, na msimu ujao nataka kupanda kunde palepale. (Msomaji, Chamwino)

JIBU: Ndugu msomaji, anza na lebo ya mfuko. Rangi ni onyo tu, na mbegu nyingine hupakwa dawa ya kuvu peke yake, kama thiramu. Ukikuta imidaklopridi, thiamethoksamu au klothianidini, hiyo ndiyo ya wadudu.

Dawa hizi huyeyuka kwenye maji, mizizi ikazinyonya hadi majani, na chembe zake hufika kwenye chavua na nekta. Ila mmea huchukua sehemu ndogo, asilimia 2 hadi 20 hivi. Ukipanda kwa sentimita 75 kwa 30, ekari ina mashimo kama 18,000. Kila mbegu ikiwa na miligramu 1, umeweka gramu 18; mmea ukichukua asilimia 10, gramu 16 na ushei zimebaki udongoni.

Imidaklopridi ikiwa majini na kupigwa na jua huvunjika upesi. Ikifukiwa, kazi ni ya vijidudu vya udongo, navyo vinataka unyevu, na kwetu Dodoma udongo hukauka tangu Mei hadi karibu Desemba. Nusu yake yaweza kuchukua wiki kadhaa au zaidi ya mwaka kuisha. Ikichukua mwaka, nawe ukarudia mbegu hizo kila msimu, zile gramu 16 huwa 24, kisha 28. Thiamethoksamu nayo hugeuka klothianidini, sumu ileile kwa nyuki. Kwenye kichanga kisicho na samadi, mvua kubwa za mwanzo huisukuma chini au kuipeleka korongoni na lamboni.

Nyuki hufa kwa kiasi kidogo mno: nanogramu 4 hivi za imidaklopridi (nanogramu ni sehemu moja ya bilioni ya gramu) zikimezwa zatosha. Vumbi la mfuko ni hatari kubwa, kwa hiyo usiukung'ute, wala usipande kukiwa na upepo mkali. Fukia mbegu sentimita 3 hadi 5.

Kunde zisubiri. Zao linalofuata hunyonya mabaki, na nyuki hupenda maua yake. Msimu ujao panda mtama usiopakwa dawa hizi na uweke samadi iliyooza. Tena, kama shamba halisumbuliwi na mchwa wala sota, nunua mbegu zisizo na dawa ya wadudu. Kinga ya dawa hiyo ni ya wiki za mwanzo tu, na alizeti ikichanua haikusaidii tena.

SWALI: Mbegu zilizobaki nikiziosha, naweza kuwapa kuku? (Msomaji, Kongwa)

JIBU: Hapana. Kuosha hakuitoi dawa yote, na maji hayo yenyewe ni sumu. Zihifadhi ndani ya mfuko wake, mahali pa kufungia. Zilizomwagika shambani zifukie siku hiyohiyo kabla kuku na kanga hawajazidonoa, na mfuko mtupu usitiwe unga.