Karata zinazotegemea akili kuliko bahati

Ndugu yangu, umeuliza kama upo mchezo wa karata ambao bahati haimbebi mchezaji. Jibu langu ni briji, mchezo wa wawili dhidi ya wawili, hasa ile ya mashindano, ambamo karata zilizogawiwa meza moja hupelekwa vilevile meza nyingine, kisha matokeo ya waliocheza karata zilezile hulinganishwa. Hapo mgao mbaya si kisingizio. Kila mmoja wa wachezaji 4 hupata karata 13, na mnada wa mwanzo, yaani kushindana kuahidi idadi ya mizunguko ambayo upande wako utashinda, humfichulia mengi anayesikiliza: ikiwa mpinzani wa kulia kwako alinadi kwa nguvu, huenda ndiye mwenye mfalme wa kopa, basi wewe uliyeshinda mnada, mwenye ree na malkia, anzisha kopa kutoka karata za mwenzako (zilizolazwa wazi mezani, nawe ndiye unayezicheza), ili mpinzani huyo acheze kabla yako: akitoa mfalme mpige kwa ree, asipomtoa cheza malkia. Anza kwa kujizoeza kuhesabu turufu zilizokwisha kutoka.