Miche kulegea shingo na kulala: simamisha urea kwanza

Mkuu, umeeleza kuwa miche yako ya nyanya inasinyaa shingo pale inapogusa udongo kisha inalala, na kwamba umeshaipa urea mara mbili ili ipate nguvu. Nakuomba uache urea leo hii.

Hicho ni kinyausi, ugonjwa wa miche kuoza shingo kitaluni, na mimi kilinimalizia kitalu kizima. Miche ilikuwa mirefu, kijani cha kuvutia, nikaamini nimepatia. Ndani ya siku tatu ikalala yote. Iliniuma sana. Msimu uliofuata nikagawa kitalu: nusu urea, nusu mboji iliyoiva peke yake. Mbegu pakiti moja, maji sawa. Upande wa urea ulianza kuanguka kwa mafungu. Upande wa pili niling'oa michache tu.

Urea ni naitrojeni, na naitrojeni ikizidi, mche hurefuka kabla haujakomaa. Kuta za seli hubaki nyembamba, na majimaji yake hujaa amino asidi ambazo kuvu hujilisha. Chumvi ya mbolea nayo huunguza ncha za mizizi, na vidonda hivyo ndiyo milango ya Pythium na Rhizoctonia, vimelea vya udongoni vinavyoleta kinyausi. Samadi mbichi huunguza vilevile, kwa amonia yake. Halafu, mpaka majani halisi ya kwanza yatoke, mche unakula akiba ya mbegu. Ulikuwa unamlisha aliyeshiba.

Kinachokaza shina hasa ni kalsiamu. Ndiyo inayoshikamanisha seli na seli, na kuvu humwaga vimeng'enya kuyeyusha gundi hiyo hiyo. Lakini kalsiamu hupanda na maji yanayovutwa na majani. Miche ikibanana, hewa ikatuama na unyevu ukajaa, kalsiamu inabaki chini hata kama udongo unayo tele. Ndiyo maana napanda kwa nafasi. Potasiamu nayo husaidia kuta kunenepa.

Majivu yana vyote viwili, ila kidogo tu, yachanganywe na udongo wiki kadhaa kabla ya kusia, na yasikutane na urea: naitrojeni itapotea hewani kama amonia.

Kwa miche iliyobaki, usiongeze mbolea yoyote sasa. Ng'oa iliyolala pamoja na jirani zake, mwagilia asubuhi tu, tena pale juu ya udongo panapoanza kukauka. Ule ambao shingo imeshasinyaa hauponi kwa lishe, usiuhangaikie. Majani halisi yakifika mawili au matatu, anza na robo ya kipimo cha mbolea yenye naitrojeni ya naitreti.